Sauti ya Mruka-Paa

Jumamosi, 2 Machi

Leo tumepata meza. Tumeomba, tumebembeleza, tumefagia chumba cha kushonea siku tatu bila kuambiwa, mpaka Mama akachoka.

"Haya, mmeshinda," alisema. "Ile ya dirishani ni yenu hadi shule zifungwe. Siku ya pili yake naitaka, nina sare za kukata. Na atakayenimwagia gundi kwenye kitambaa cha mteja nitamshona mdomo."

Mama ni fundi cherehani, kwa hiyo tisho lake lina vifaa.

Tulioshinda ni mimi na Kasuku. Tunasoma darasa moja tangu tukiwa wadogo, na jina hilo kalipata kwa sababu hakuna sauti asiyoweza kuiga: mwalimu mkuu akikohoa, mlango wa maktaba, hata cherehani ya Mama ikikwama. Yeye huniita Mkurugenzi, nami najifanya sipendi.

Tunatengeneza filamu ya Mruka-Paa. Mruka-Paa alikuwa katuni kwenye jarida tulilokua nalo: kijana muuza magazeti ambaye akivaa kinyago huruka paa hadi paa kuokoa watu. Mwaka jana jarida lilikufa. Toleo la mwisho lilimwacha akining'inia kwa mkono mmoja kwenye mshale wa mnara wa saa, Mfalme Kutu akimcheka kutoka juu, na chini yake pameandikwa "Itaendelea". Haikuendelea. Mwaka mzima mtu ananing'inia na hakuna anayejali. Mimi jambo hilo linaniuma kweli, na wanaotaka kucheka wacheke. Kwa hiyo tunaimalizia wenyewe, kwa vitofali vya kuchezea, na itaonyeshwa ukumbini siku ya kufunga shule. Mwalimu wa sayansi ameshatuahidi projekta.

Jumanne, 5 Machi

Vitofali vyote ni vya Kasuku. Baba yake ni dereva wa lori la masafa marefu, na kila safari humletea mfuko wa vitofali vya mtumba, rangi mchanganyiko, vingine vina alama za meno ya mtoto wa watu. Baba akiwa njiani, yaani karibu siku zote, Kasuku hukaa kwa shangazi yake. Mji wetu wote umejengwa kwa safari za yule mzee. Mnara wa saa ni safari nne.

Jumamosi, 9 Machi

Kazi yenyewe ni hivi. Simu ya Kasuku imefungwa kwa selotepu kwenye stendi, haiguswi mpaka sehemu iishe. Tunapiga picha. Nasogeza mguu wa mwanasesere kidogo, kama upana wa punje ya mchele, naondoa mkono, tunapiga tena. Picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja ya filamu.

Tumefanya kazi asubuhi nzima, kisha tukaitazama. Mruka-Paa alikuwa anatetemeka mwili mzima. Nyumba zinatetemeka, mnara unatetemeka, Mfalme Kutu naye ana homa. Tukakagua taa, tukakagua stendi, tukaanza kulaumiana. Kumbe ni cherehani. Mama akikanyaga huko, sakafu inatikisika, mji wetu unapata tetemeko la ardhi.

Tumekubaliana tupige picha Mama anapopiga pasi au kushona vifungo kwa mkono. Mama anasema hajawahi kupangiwa kazi na mtu mrefu kama kidole gumba.

Jumatano, 13 Machi

Nimepiga chafya. Mtaa mzima umelala chini. Sitaki kuongea na mtu.

Jumamosi, 16 Machi

Tumerekodi sauti za sehemu ya kwanza. Kasuku alijifungia kabatini katikati ya majora ya vitambaa ili sauti isirudi rudi, nami nikashika simu mlangoni. Mfalme Kutu kamsemea kwa koo la mwalimu mkuu. Lakini Mruka-Paa kamsemea kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, safi, isiyo na woga. "Shikilieni paa zenu, nakuja!" Mama aliacha kukata akasikiliza. Nasema ukweli, mimi nasogeza miguu na mikono tu. Filamu yenyewe ni ile sauti.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua za msimu zimeanza, na hazikubisha hodi. Chumba cha kushonea kimeezekwa bati. Ikinyesha, hata kupiga kelele ni kupoteza mate. Kurekodi hakuwezekani.

Nimeamua: picha kwanza, sauti zote zilizobaki tutazirekodi mwishoni mvua ikipungua. Kasuku alisita kidogo, akasema labda tungekimbilia hata kwa shangazi yake. Nikamwambia kule kuna redio na watoto wa jirani. Uamuzi ni wangu, ndiyo maana naitwa Mkurugenzi.

Jumapili, 24 Machi

Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Mkia wa joho la Mruka-Paa umepotea. Niliukata kwenye kipande cha bitana nyekundu. Mama kaupata kwenye soli ya kiatu chake.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua. Tumemaliza soko na daraja. Kasuku ana mafua, haongei, ananionyesha kwa kidole tu. Tumefanya kazi vizuri kuliko siku zote, kusema kweli.

Jumamosi, 6 Aprili

Kasuku bado ana mafua. Sijamwona akipenga kamasi hata mara moja.

Jumamosi, 13 Aprili

Jua. Jua kavu, bati kimya, siku tuliyoisubiri wiki tatu. Nikapanga majora kabatini, nikafuta vumbi, nikakaa. Kasuku hakuja. Saa tano ukaingia ujumbe kwa Mama kutoka simu ya shangazi yake: "Koo linauma. Siku nyingine." Saa nane ikanyesha tena.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nimemwona akibeba viti na watu wa kikundi cha maigizo. Wale wana jukwaa, wana pazia, wana kiongozi aliyejipaka wanja. Darasani mwalimu alimwuliza swali akainua mabega tu, kama mtu mkubwa asiyetaka kusumbuliwa. Sasa nimeelewa. Kapata wenzake wenye hadhi, mimi na meza yangu tumekuwa mchezo wa watoto. Lakini kusema "sitaki tena" hawezi, anajificha nyuma ya mafua. Mtu mzima hovyo.

Jumatano, 17 Aprili

Nimejaribu kumsemea Mruka-Paa mwenyewe, mlango umefungwa. Mama akauliza kutoka chumba cha pili ni nani anayekanyaga paka.

Jumamosi, 20 Aprili

Kasuku alikuja asubuhi, kimya kama kawaida yake ya siku hizi. Sikumsemesha. Tulikuwa na kazi kubwa kuliko zote, Mruka-Paa kuning'inia kwenye mshale wa saa. Nimemfunga kwa uzi wa Mama, mwembamba hauonekani, na kila picha tunamzungusha kidogo ili aonekane anapepea. Tulianza baada ya chai. Mchana ulipofika tulikuwa tumebakiza kidogo tu, Mama anashona vifungo pembeni, mvua imepungua kuwa manyunyu, na mimi nimeanza kumsamehe Kasuku bila kumwambia.

Simu ikaita. Ile ile ya kupigia picha, juu ya stendi. Kwenye kioo pameandikwa BABA.

Kasuku akanyoosha mkono ili aichomoe. Nikaushika. Simu ikitoka pale hairudi mahali pake kamwe, na kazi ya tangu asubuhi imekwisha. "Ipokee hapo hapo," nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Baba yako anapiga hutaki kupokea?" Akatikisa tena, macho yamemtoka. Nikadhani ni yale yale maringo. Nikagusa kioo mwenyewe kwa ncha ya kidole, nikaweka spika.

"Hallo," ilisema sauti ya baba yake, nzito, na injini inanguruma nyuma. "Hallo. Mwanangu?"

Kasuku kaziba mdomo kwa kiganja. Nikamkanyaga mguu.

"Shikamoo, Baba."

Ilianza chini kabisa, mahali nisipopajua, kisha ikapanda juu ghafla ikapasuka katikati ya neno. Sijawahi kuisikia sauti ile.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Baba."

"Wewe nani? Hiyo simu ni ya mwanangu. Umeitoa wapi?"

"Baba, ni mimi kweli..." Ikapasuka tena.

"Sikiliza, kijana. Mimi sina utani na wezi. Mrudishie mtoto simu yake kabla sijafika huko, maana nikifika..."

Mtandao ukakata.

Mama alikuwa na sindano hewani. Kasuku akamtazama Mruka-Paa anavyoning'inia, akavaa viatu polepole, akatoka na manyunyu yale bila mfuko wake. Simu haikusogea hata kidogo. Picha zilizobaki ningeweza kuzimaliza peke yangu. Nilikaa kwenye kiti nikalia.

Jumapili, 21 Aprili

"Wewe hukumsikia?" Mama aliniuliza asubuhi. "Mimi nilimsikia wiki tatu zilizopita, alipoomba maji ya kunywa."

"Mbona hukuniambia?"

"Mtoto wa watu kaficha, mimi nitangaze?" Alikuwa anakunja suruali ya sare. Akanionyesha chini kwa ndani, kitambaa kilichozidi. "Unaona upindo huu? Sare ya mvulana naacha vidole vinne. Nisipoacha, mama yake atarudi kabla ya mitihani kunigombeza. Nyie filamu yenu mmeishona bila upindo, halafu mnashangaa imembana."

Nikachukua mfuko wa Kasuku nikaenda kwa shangazi yake. Shangazi ni muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, na alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Baba mtu alimpigia jana akitaka aende kuripoti wizi wa simu. "Nikamwambia, kaka, mwizi ni mwanao, na ndevu zinakuja. Akashtuka, we! Kisha akaniuliza lini. Lini nini? Kama vile nimemficha mgeni."

Kasuku alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakucheka.

"Asubuhi naamka sijui nitatoka na sauti gani," alisema, na safari hii hakuificha. "Naita mtu, nashtuka mwenyewe. Zote zimeniponyoka. Mwalimu mkuu, mlango, cherehani, sina hata moja. Wale wa maigizo wameniambia nibebe viti. Nilidhani angalau Baba..." Akasafisha koo. "Baba anasikia nikikohoa anajua ni mimi. Alikuwa anajua."

Nikamwambia pole. Nikamwambia nilidhani anaringa, na kwamba nimekuwa mjinga, na uamuzi wa kuacha sauti mwishoni ulikuwa wangu.

"Mkurugenzi kasema pole," alisema. "Andika tarehe."

Nimeandika.

Kisha nikamweleza nilivyojaribu kumsemea Mruka-Paa mwenyewe, hadi Mama akadhani ni paka. Akataka asikie. Nikamsemea pale pale, mbele ya kuku wa jirani. Alicheka hadi ndoo ikapinduka.

Jumatano, 24 Aprili

Furaha fupi. Kasuku anataka nifute sauti zote za mwanzo, atazisema upya kwa sauti ya sasa. "Ile ni ya mtoto," alisema. "Siku ya kufunga shule wote watakaa pale wanacheka. Na Baba kasema atajitahidi afike." Na Baba mwenyewe, tangu siku ile, anazungumza naye kwa ujumbe tu. Mzee anapiga, yeye hapokei, anaandika "niko darasani". Jana kaandika hivyo saa moja jioni.

Nimemwambia sifuti. Akasema sauti ni yake. Nikasema filamu ni yetu. Mama akasema atakayepandisha sauti tena atatoka na meza yake.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua. Hakuna aliyefuta, hakuna aliyerekodi. Tumepiga picha Mfalme Kutu akimeguka vipande vipande. Imependeza, na hakuna aliyesema.

Jumatano, 1 Mei

Kasuku kabisha hodi asubuhi na mapema, amelowa, ana karatasi mfukoni. Kaja na mwisho.

"Mruka-Paa anaanguka kutoka mnarani," alisema. "Hafi. Anaangukia kwenye lori la magunia, lori linaondoka naye. Linakwenda mbali, siku nyingi. Anarudi nyumbani kwa miguu, usiku, mvua inanyesha, anagonga. Baba yake yuko ndani, hafungui, anauliza nani."

Nikamsogezea kiti.

"Kwa hiyo mwanzo sauti ya zamani. Mlangoni hii."

Nikamwuliza nani atamsemea baba wa ndani. Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho sijakisahau mchana kutwa. Alishusha kidevu, akavuta pumzi, akasema, "Nani mwenzangu?"

Mama alitoka chumba cha pili akijifunga kanga vizuri, akitazama huku na huku. Alidhani yule mzee amefika.

"Jana usiku nilikuwa naongea peke yangu," Kasuku alisema, kwa sauti yake. "Nikagundua ninayo. Sijaiiga. Imekuja yenyewe."

Jumamosi, 4 Mei

Tumejenga lori. Kasuku kalirudia mara tatu kwa sababu kiti cha dereva hakikuwa upande sahihi wa dirisha. Nimemwacha.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imetupa nusu saa tu, ikatosha. Kabatini Kasuku haenei tena kwa kuinama, ilibidi tutoe majora mawili. Kasema maneno ya mlangoni mara moja, bila kurudia. Ilikwaruza penye neno moja. Nikamwuliza turudie? Akasema iache.

Ijumaa, 17 Mei

Kesho ndiyo kesho. Baba yake kaandika kwamba lori limekwama foleni ya mizani na asisubiriwe. Kasuku kasema bora hivyo. Simwamini.

Jumamosi, 18 Mei

Ukumbi ulijaa, wazazi mbele, wanafunzi nyuma na madirishani. Kwanza hotuba, kisha maigizo na pazia lao lililokwama. Halafu taa zikazimwa na mji wetu ukatokea ukutani, mkubwa kuliko nyumba ya kweli, hata alama za meno zinaonekana.

"Shikilieni paa zenu, nakuja!"

Watu waligeuka kumtafuta Kasuku gizani. Waliikumbuka sauti ile. Hakuna aliyecheka. Mtu nyuma yangu alisema, "Jamani, kale kasauti." Kasuku alikuwa pembeni yangu karibu na projekta, anatafuna ukosi wa fulana.

Mfalme Kutu alimeguka, wakapiga makofi. Mruka-Paa akaachia mshale, akaanguka, mama mmoja akasema "maskini". Lori likamchukua. Likaenda. Na hapo, bila hata tone la kwanza la kuonya, mvua ikashuka juu ya bati la ukumbi.

Nilipandisha sauti ya spika hadi mwisho. Hakuna kitu. Ukutani Mruka-Paa anatembea na joho lake lililokatika, anakaribia mlango, na ukumbi mzima hausikii hata hatua. Msimu mzima nimepigana na hili bati, na limenifuata mpaka huku. Nilitaka kusimamisha filamu. Kasuku akanishika mkono kama nilivyomshika siku ile ya simu. Akasimama, akaenda mbele, akakaa pembeni ya ukuta ambapo mwanga ulimkata bega. Mwanasesere akainua mkono akagonga. Kasuku akagonga ubao wa jukwaa kwa ngumi.

"Nani mwenzangu?" Ilitoka kifuani na ikaipita mvua.

"Ni mimi, Baba."

"Sauti hii siijui."

"Ndiyo hii hii, Baba. Imekua ukiwa njiani."

Penye "imekua" ilipasuka, mbele ya shule nzima. Hakuikimbia. Alisubiri itulie, akamalizia sentensi.

Maneno hayo hayakuwa ya kabatini. Kabatini alisema "imekua nikiwa njiani". Niligeuka, na mlangoni pa ukumbi alikuwa amesimama mwanamume mnene, jaketi linachuruzika maji, funguo za lori mkononi. Sijui alikuwepo tangu lini. Kasuku alikuwa amemwona kabla yangu.

Ukutani mlango ulifunguka. "Basi ingia, mwanangu," alisema Kasuku kwa sauti ya baba yake, "utalowa." Na taa zikawashwa.

Makofi yalishindana na mvua. Yule mzee alisubiri watu wapungue, akaja taratibu, akamtazama mwanawe juu hadi chini.

"Huyo baba wa mlangoni," alisema, "mbona mkali hivyo?"

"Ndivyo anavyoongea."

"Kumbe." Akafuta uso kwa mkono uliolowa, kwa hiyo haikusaidia kitu. "Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," alisema, na wakashikana mikono kama watu wazima, kisha mzee akaivunja heshima hiyo akamkumbatia hadi jaketi likamlowesha mwanawe.

Jumapili, 19 Mei

Mama anataka meza yake, na Mama husema mara moja. Tulikuwa tunabomoa mji asubuhi, vitofali vinarudi mifukoni, wakati baba yake Kasuku alipopiga hodi. Ana mzigo wa kupeleka, hawezi kukaa.

"Nilichelewa mwanzo," alisema. "Naomba kuuona."

Kasuku alikuwa bado hajachomoa simu kwenye stendi. Akaicheza pale pale. Mzee hakutazama picha. Aliinama, akaweka sikio karibu na simu, na Mama, bila kuambiwa, akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Shikilieni paa zenu, nakuja!"

"Rudisha," alisema mzee.

Ikarudishwa mara tatu. Kisha akabaki ameinama vile vile.

"Hii niliiacha nyumbani," alisema. "Nimerudi sikuikuta. Hakuna aliyeniambia niiage."

Mimi nilikuwa nakusanya vigae vya mnara wa saa, na sikuinua kichwa. Nilijua Kasuku anafikiria nini, maana ni yeye aliyetaka ifutwe. Akabandua selotepu taratibu, akachomoa simu, akabonyeza bonyeza. Mfukoni mwa baba yake kitu kikalia.

"Nimekutumia," alisema. "Ya njiani."

Lori lilikuwa limeegeshwa barabarani, linanguruma. Tulitoka kumsindikiza, Mama na futi yake ya kupimia shingoni. Lilipofika kwenye kona, Kasuku akakimbia hatua chache, akaweka mikono mdomoni.

"Shikilia paa lako, Baba!"

Ilipasuka vibaya, nusu ya sauti moja na nusu ya nyingine, mtaa mzima ukasikia. Lori lilikwishakata kona. Tukasimama. Kisha kutoka upande wa pili wa nyumba honi ikajibu, ndefu, na ikaendelea mpaka hatukuisikia tena.